Mtoto Asikilizwe, Asifanywe Hakimu: Malezi Baada ya Wazazi Kutengana



Aliyewahi kukaa kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa anajua mazungumzo yanavyokwenda. Huanza na nani alimkosea nani. Hapo saa mbili au tatu hupotea. Kisha huja nyumba, kiwanja, pikipiki, vyombo vya ndani, na deni la kikoba. Watoto hutajwa mwishoni, jua likielekea kuzama na wajumbe wamechoka, na swali linaloulizwa juu yao ni lilelile lililoulizwa juu ya kiwanja: nani anachukua?

Leo nimekuja kuzungumza juu ya swali hilo. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii kwa muda mrefu, na ninaamini tunaliuliza vibaya. Sheria zetu wenyewe zimeliuliza vizuri zaidi kuliko tunavyoliuliza sisi nyumbani. Na katika mambo yote mabaya anayoweza kutendewa mtoto wakati wazazi wake wanaachana, naona baya kuliko mengi ni kumsimamisha katikati na kumwambia: haya, chagua.

Nianze na hofu iliyo kubwa kwa kila mzazi, ya kwamba akiachana na mwenzake mtoto ameharibika moja kwa moja. Jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi, hasa Marekani. Mtafiti Judith Wallerstein alianza mwaka 1971 kufuatilia watoto 131 wa familia 60 zilizokuwa zinavunjika katika jimbo la California, akawafuata kwa miaka 25 mpaka wakawa watu wazima. Yeye alitoka na habari nzito: maumivu mengine hayaonekani utotoni, yanakuja kujitokeza mtu anapotaka kuoa au kuolewa, akakuta hana imani kwamba mapenzi yanadumu. Mtafiti mwingine, E. Mavis Hetherington, alifuatilia familia zipatazo 1,400, nyingine kwa karibu miongo mitatu. Katika kitabu chake cha mwaka 2002 alieleza kwamba kati ya watoto waliopitia talaka, asilimia 20 hadi 25 walikuwa na matatizo makubwa ya kihisia au ya kuishi na watu, wakati kwa watoto ambao wazazi wao hawakuachana ilikuwa kama asilimia 10.

Takwimu hizo zisomwe zote. Hatari imezidi maradufu, na mzazi anayesema "watoto huzoea tu" ajue hilo. Lakini pia watoto watatu kati ya kila wanne walisimama. Walisoma, wakafanya kazi, wakapenda na kupendwa. Kwa hiyo lipo jambo linalowatenga wale waliosimama na wale walioanguka, na jambo hilo si talaka, maana wote waliipitia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, akiwamo Eleanor Maccoby, waliwahoji vijana waliobalehe ambao wazazi wao walikuwa wametengana, wakakuta kwamba walioumia zaidi ni wale waliojiona wamebanwa katikati: wanatumwa kupeleka maneno, wanaulizwa habari za nyumba ya pili, wanaogopa kumsifu baba mbele ya mama au mama mbele ya baba. Nyumba za California si nyumba za Tandale wala za Sengerema. Huku kwetu kuna shangazi, mjomba, bibi na majirani wanaoingia bila kubisha hodi. Hata hivyo mtoto anayebanwa katikati nimemwona huku pia, tena kwa idadi ya kutosha.

Mtoto wa darasa la tatu aliletwa kwetu na mwalimu wake. Mwalimu alidhani ni mvivu, kwa sababu madaftari yake hayakuwa na kazi za nyuma. Tulipoyafungua tukakuta kurasa zimefutwa. Alikuwa anaandika kwa penseli, mwalimu akishasahihisha anafuta yote kwa ufutio, kisha anaandika tena juu yake, mpaka karatasi zingine zimetoboka. Alikuwa amewasikia wazazi usiku wakigombana juu ya fedha za shule. Akaona kwamba akiacha kuomba daftari jipya, baba hataondoka. Baba alikwisha kuondoka miezi kadhaa nyuma. Yeye alikuwa bado anafuta.

Watoto wa umri huo, wa miaka sita mpaka tisa hivi, ndivyo wanavyofikiri. Huamini kwamba wao ndio waliosababisha, na kwamba wao ndio watakaorekebisha. Wadogo zaidi hurudi nyuma: aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena, aliyekuwa akilala peke yake anamng'ang'ania mama. Wa miaka kumi na kuendelea huanza kutafuta mwenye kosa, na wakishampata humchukia kwa nguvu zao zote, hata kama alikuwa kipenzi chao. Vijana hutoroka: shule, nyumbani, au vyote viwili. Tabia hizi zisichukuliwe kuwa ukorofi wa kuchapwa. Mtoto hana maneno ya kusema kinachomsibu, kwa hiyo anakisema kwa mwili na kwa matendo.

Ndiyo maana jambo la kwanza wazazi wanalodaiwa ni kumwambia. Mila yetu ya kutowaingiza watoto katika mambo ya wakubwa ni nzuri, lakini hapa tunaitumia vibaya. Tunamwambia mtoto "baba amesafiri". Mtoto anahesabu siku. Kisha anaambiwa na mwenzake kisimani, au bombani, kwamba baba yake anaishi mtaa wa pili na mwanamke mwingine. Siku hiyo anajifunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba baba ameondoka, na kwamba mama ni mwongo.

Maneno ya kumwambia ni machache. Wazazi wakae wote wawili, kama inawezekana bila matusi, mchana, si wakati wa kwenda kulala wala asubuhi ya kwenda shule. Baba anaweza kusema hivi: "Mimi na mama yako tumeshindwa kuishi nyumba moja. Wewe hukukosa chochote, na hakuna ulichoweza kufanya kuzuia. Utaendelea kulala hapa na mama na wadogo zako. Shule ni ileile. Mimi nitakuwa nakaa Mbagala, na Jumamosi asubuhi nitakuja kukuchukua. Ukitaka kuniuliza kitu, niulize leo au siku yoyote." Basi. Sababu za kuachana zibaki kwa wakubwa. Mtoto hataki kujua nani alizini. Anataka kujua atalala wapi, atakula wapi, nani atampeleka shule, na kama mbwa au kuku wake atabaki. Akilia, aachwe alie. Akinyamaza akaenda kucheza, asidhaniwe kwamba hajali. Swali lake litakuja baada ya wiki, pengine kwenye daladala mbele ya watu, na lijibiwe palepale.

Sasa nije kwenye makazi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo upotoshaji ulipojaa.

Kuna usemi unaozunguka Tanzania nzima, mjini na vijijini, kwa wasomi na wasiosoma: mtoto akifika miaka saba, baba anamchukua. Nimewaona akina mama wanaotetemeka mtoto anapokaribia kutimiza miaka hiyo. Nimewaona akina baba waliopotea miaka sita, hawajatuma hata shilingi, wakatokea mwaka wa saba na ndugu wawili na gari la kukodi kuja "kuchukua mtoto wao". Na nimewaona wenyeviti wa serikali za mitaa waliowasaidia, kwa nia njema, wakiamini wanatekeleza sheria.

Sheria hiyo haipo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 125, inasema jambo la kwanza na kuu ni ustawi wa mtoto. Baada ya hapo, na chini ya hapo, mahakama itazame matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefika umri wa kutoa mawazo yake huru, na mila za jamii ya wahusika. Kisha ndipo inapokuja miaka saba: mtoto aliye chini ya umri huo hudhaniwa kuwa ni heri kwake akae na mama, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kifungu hichohicho kinaonya, hapohapo, juu ya ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha kutoka mikono hii kwenda ile. Haijaandikwa popote kwamba siku ya kutimiza miaka saba mtoto anahamia kwa baba. Ikifika siku hiyo, kinachokoma ni dhana ya kumpendelea mama. Mizani inakuwa sawa, na swali linabaki lilelile: ustawi wake uko wapi?

Usemi huo umetoka wapi, basi? Naona umetoka kwenye mchanganyiko wa mambo. Makabila yetu mengi hufuata ukoo wa baba, na kwa Wasukuma, kwa mfano, ng'ombe wa mahari walikuwa ndio wanaoamua mtoto ni wa nani. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 kwa ajili ya makabila ya mkondo huo zilimhesabu mtoto kuwa wa upande wa baba. Lakini hata mila hazikuwa moja. Kwa Waluguru, Wamakua, Wamakonde na Wayao ukoo ulifuata mama, na mjomba alikuwa na sauti kuliko baba. Mtu wa Mtwara anayesema "mila yetu inampa baba" anasema mila ya watu wengine.

Na Waislamu wa pwani husema ni sharia ya dini. Niwaombe masheikh walioko hapa wanisahihishe nikiteleza. Katika fiqhi ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa pwani na visiwani, hadhana, yaani malezi, ya mtoto mdogo ni haki ya mama, na anapofikia umri wa kupambanua, ambao kwa kawaida huhesabiwa miaka saba hivi, mtoto hupewa hiari ya kukaa kwa baba au kwa mama. Hiari hiyo ni yake, na anaweza kuibadili. Kumkusanya kwenye gari huku analia hakumo. Madhehebu mengine yana hukumu tofauti, na huenda watu wamesikia za huko wakazileta huku.

Mwaka 2009 Bunge lilitunga Sheria ya Mtoto, na sheria hiyo ilikwenda mbali zaidi. Inasema mtoto ambaye wazazi wake wametengana ana haki ya matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa nacho kabla hawajatengana. Ana haki ya kuishi na mzazi ambaye, kwa maoni ya mahakama, ana uwezo wa kumlea na kumsomesha. Na ana haki ya kumtembelea mzazi wa pili na kukaa naye anapotaka, ilimradi masomo yake hayavurugiki. Mnaona haki ni za nani. Baba hajapewa haki ya kutembelewa. Mama hajapewa haki ya kuzuia. Mwenye haki ni mtoto. Sheria hiyo inaitaka mahakama itazame umri wake, mawazo yake kama ameyatoa kwa uhuru, faida ya ndugu kukaa pamoja, na haja ya malezi yasiyokatikakatika. Na inamhusu mtoto yeyote, wawe wazazi wake walifunga ndoa kanisani, msikitini, bomani, au hawakufunga kabisa.

Maneno "kama ameyatoa kwa uhuru" yamebeba mzigo mkubwa. Binti wa miaka tisa aliwahi kukaa mbele yangu ofisini, wazazi wake wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya mlango. Nilimweleza kwamba nipo pale kumsikiliza. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Nikisema mama, baba atajua?" Hakuwa na shida ya kujua anataka nini. Shida yake ilikuwa kwamba jibu lolote lingemfanya mkosaji kwa mtu anayempenda, na angelazimika kuishi na kosa hilo siku zote.

Kumsikiliza mtoto ni wajibu. Sheria inasema hivyo, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema hivyo. Lakini kumsikiliza si kumbebesha uamuzi. Uamuzi ni wa wakubwa, na mtoto aambiwe hivyo waziwazi: "Tunataka kujua unavyoona, lakini sisi ndio tutakaoamua, na lolote litakalotokea si wewe uliyeamua." Ukimwambia hivyo unaona mabega yanashuka.

Kisha asiulizwe juu ya watu. Aulizwe juu ya siku yake. Asubuhi nani anakuamsha? Ukiumwa usiku unamwita nani? Unasoma wapi, kuna taa? Unacheza na nani? Nani anakuja mkutano wa wazazi? Ukirudi shule unakuta nini? Ukimuuliza hivyo kwa nusu saa, huku anachora, utakuwa umejua yote unayohitaji, naye hatakuwa amemsaliti yeyote. Mtoto aliyefundishwa la kusema naye hujulikana hapo. Akiwa na miaka sita akakuambia "baba hawajibiki kwenye matunzo", hayo si maneno yake. Mwulize nani yuko nyumbani saa za jioni, na sauti inabadilika.

Maswali hayohayo ndiyo ninayowauliza wazazi. Mzazi akija anadai mtoto, simwulizi anampenda kiasi gani, maana kila mmoja atasema sana. Namwuliza jina la mwalimu wa darasa. Namwuliza kadi ya kliniki iko wapi. Chanjo ya mwisho ilikuwa lini? Mtoto hali chakula gani? Anaogopa nini? Nimewahi kumwona baba, dereva wa magari makubwa, aliyejibu yote hayo bila kusita, na mama aliyebabaika. Nimewaona zaidi akina mama waliojibu na akina baba walionitajia ukubwa wa nyumba. Nyumba kubwa ni jambo jema, ila haimwamshi mtoto asubuhi.

Ninachosema ni hiki: anzeni na siku ya mtoto jinsi ilivyo sasa, mtazame ni kipi kinaweza kubaki. Shule, mtaa, marafiki, madrasa au kwaya, mtu wa kumwamsha. Nyumba yenye kuvihifadhi vingi zaidi kati ya hivyo ndiyo yenye hoja, awe ni baba anayeishi humo au mama. Mtoto amekwisha kupoteza kitu kikubwa. Asipotezewe na vilivyobaki.

Kwa sababu hiyo sikubaliani kabisa na mtindo wa kugawana watoto, wavulana kwa baba na wasichana kwa mama, au wakubwa huku na wadogo kule. Kwa wakubwa unaonekana ni haki. Kwa watoto ni kutengana mara ya pili. Kaka na dada waliopitia usiku wa ugomvi pamoja, wakijifunika shuka moja, wanahitajiana kuliko wanavyowahitaji wengi wetu tuliopo hapa. Sheria ya Ndoa inaruhusu mahakama kutazama ustawi wa kila mtoto peke yake, na zipo hali chache zinazolazimisha, lakini Sheria ya Mtoto imesema wazi kwamba kuwaweka pamoja ndiko kunakofaa. Waachwe pamoja.

Kisha yupo bibi. Wazazi wakishindwa kuelewana, au kila mmoja akitaka kuanza maisha mapya, mtoto hupandishwa basi kwenda kijijini. Bibi zetu wamewalea nusu ya watu waliokaa humu ndani, na mimi nawaheshimu. Kama mtoto alikuwa akiishi kwa bibi tangu zamani, basi pale ndipo kwake, na kumtoa ndiko kutakuwa kumvuruga. Lakini mtoto aliyezaliwa na kukulia Kinondoni, akapelekwa ghafla kwa bibi wa Kasulu asiyemjua, amepoteza baba, mama, shule na rafiki kwa safari moja. Sheria ya Ndoa inataka ziwepo sababu za pekee ndipo mtoto akabidhiwe ndugu badala ya wazazi. Uchovu wa mzazi si sababu ya pekee.

Je, mtoto akae nyumba mbili, wiki huku na wiki kule? Nchi nyingine, kama Uswidi, hufanya hivyo kwa wingi, na inaweza kwenda vizuri pale wazazi wanapoishi jirani na wanapoongea bila kugombana. Hapa kwetu, mtoto wa kutoka Bunju kwenda Chanika na begi lake kila Jumapili, kwa daladala tatu, na shule ikiwa Bunju, atachoka kabla mwezi haujaisha. Kinachofaa watu wengi ni nyumba moja wakati wa masomo, na likizo ya Juni na Desemba kugawanywa, pamoja na mwisho wa juma mmoja au miwili kila mwezi. Kila nyumba iwe na nguo zake, mswaki wake na sehemu yake ya kulala, asiwe mgeni wa kutandikiwa sebuleni. Na siku ikiahidiwa, itimizwe. Nimeona mtoto aliyekaa barazani amevaa nguo za sikukuu tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Baba alipiga simu Jumanne kusema alibanwa. Ni heri mara moja kwa mwezi isiyokosekana kuliko kila wiki isiyoaminika.

Fedha. Nitasema kwa ufupi kwa sababu hapa sheria haina utata. Kutoa matunzo ni wajibu, na mtoto kumwona mzazi wake ni haki, na viwili hivi havibadilishani. Baba asiyeruhusiwa kumwona mtoto bado anadaiwa chakula na ada. Mama asiyetumiwa fedha aende ustawi wa jamii au mahakamani kudai, asimfungie mtoto ndani. Mkifanya biashara ya "leta fedha ndipo umwone", mtoto anajua bei yake. Na fedha zitumwe kwa mama au zilipwe shuleni, kwa simu au benki, ibaki risiti. Mtoto asitumwe kwenda kuomba hela ya daftari kwa baba kazini kwake, mbele ya wafanyakazi wenzake.

Yote niliyosema yanahusu wazazi ambao, hata wakichukiana, hawadhuru. Ipo nyumba ambayo kuna kipigo, au mtoto ameguswa vibaya. Huko msihubiri kukaa pamoja kumweleza mtoto. Msimtafutie mwisho wa juma wa kutembelea. Wajumbe wa baraza wasimrudishe mama kwa maneno ya uvumilivu. Nendeni kituo cha polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au pigeni namba 116 ya huduma kwa watoto, ni bure. Watoto wanaokua wakimwona mama akipigwa wameshaumizwa hata kama hakuna aliyewagusa, na kutengana kwa wazazi hao ni mwanzo wa nafuu yao.

Walimu, neno kwenu. Ninyi mara nyingi mnajua kabla ya ndugu. Mtoto aliyeanza kulala darasani, aliyekuwa wa tano akawa wa arobaini, anayebaki shuleni wenzake wakiondoka, mwiteni pembeni. Msimwulize mbele ya darasa. Wala msikubali kutumiwa: mzazi mmoja akija kukuomba barua ya kumsema mwenzake vibaya, andika unachokijua juu ya mahudhurio na maendeleo ya mtoto, usiandike kingine.

Wajumbe wa mabaraza, sheria imewapa kazi ya kusuluhisha kabla shauri la talaka halijafika mahakamani. Naomba mbadili mpangilio. Anzeni na watoto, asubuhi, watu wakiwa na nguvu na kabla matusi hayajaanza. Waulizeni wazazi waeleze siku ya kila mtoto, kuanzia anapoamka. Mkimaliza hilo ndipo mje kwenye kiwanja.

Na wapo humu wazazi ambao mambo yao yalishapita. Waliamua kwa hasira, wakawagawa watoto, wakampeleka mmoja mbali, au wakamfanya binti wa miaka minane achague mbele ya ukoo mzima. Amri ya mahakama juu ya malezi ya mtoto haifungwi milele. Sheria inaruhusu mzazi kurudi mahakamani kuomba ibadilishwe mambo yakibadilika, na wazazi wakikubaliana wanaweza kuanza hata kabla ya kufika huko, kwa afisa ustawi wa wilaya, bila wakili. Kama mtoto wako yuko mahali ambapo siku yake haiendi, rudini mkakae tena, na safari hii mwanzo wa kikao mwambieni kwamba yeye haulizwi anampenda nani.